Sufuria Mbili Zilizopakwa Majivu

Jumatatu, 4 Mei 1987
Muhula wa pili umeanza na mvua. Mwalimu Asenath, anayetufundisha fizikia hapa kidato cha pili, ametuambia kila mmoja wetu achague kitu kimoja cha nyumbani, akitazame muhula mzima, na aandike. "Andikeni siku ileile mliyoona," alisema, "kabla mtu hajawaambia mlichopaswa kuona." Wengine wamechagua pasi ya makaa, wengine redio. Mimi nimechagua sufuria, na darasa zima likacheka.

Sufuria yenyewe si kitu. Ninachotaka ni kazi ya Baba. Baba yangu, Kisilu Mulwa, ni fundi wa sufuria katika kiwanda kimoja kule Indastria. Watu wengi hapa mtaani Tena hudhani sufuria humiminwa kama uji. Sivyo. Bati la aluminiamu, bapa na la mviringo kama sinia, hubanwa mbele ya kalibu ya mti yenye umbo la ndani ya sufuria. Bati na kalibu huzungushwa pamoja na mota kwa kasi sana. Hapo Baba huchukua chuma kirefu chenye mpini, akaubana mpini kwapani, na kwa uzito wa mwili wake wote akalikandia lile bati mpaka lilalie kalibu. Hulipaka sabuni ya kipande ili chuma kisilikwaruze. Ndiyo maana Baba hurudi kazini akinuka sabuni, na majirani wapya humdhani ni dobi.

Jioni hii amesema kiwandani kumeletwa sanduku kubwa kutoka ng'ambo. Ndani mna mashine. Nimemuuliza ni mashine ya nini.

"Ya haraka," amejibu.

Jumatano, 6 Mei
Mvua. Viatu havijakauka tangu juzi.

Ijumaa, 8 Mei
Jirani yetu Phares Ochola alikuja kunywa chai. Yeye ni nyapara wa Baba kiwandani, lakini hapa nyumbani ni rafiki tu, kwa sababu waliajiriwa pamoja wakiwa vijana na bado wanataniana kama vijana.

"Omera, ile kitu ni presi," alisema, akimwita Baba ndugu kwa Kijaluo. "Unaweka bati, unabonyeza kitufe, tuup! Sufuria."

"Na chuma kinashikwa na nani?"

"Hakuna chuma cha kushika."

"Na nani anasikiliza?"

"Anasikiliza nini?"

Baba aliweka kikombe chini. Alieleza kwamba bati husema. Likiwa sawa huimba. Likianza kukonda pembeni hulia kwa sauti nyembamba, na fundi hulegeza mkono kabla halijapasuka.

"Presi haina masikio, Kisilu."

"Basi itazaa sufuria viziwi."

Tulicheka wote, hata Mama ambaye alikuwa anahesabu vikombe visivyotosha. Kisha Baba akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema: "Mwanamke hanunui sufuria bila kuigonga kwa kidole. Wakigonga hizo zenu, wakazipikia ugali zikaunguza, watazirudisha. Zote."

Nimeliandika kwa sababu ni jambo linaloweza kuchunguzwa.

Jumamosi, 16 Mei
Leo nimeingia kiwandani! Jumamosi kazi huisha adhuhuri, na Phares aliniruhusu nisimame kando ya mlango nimsubiri Baba.

Nilimtazama Baba kwanza. Alianza kukandia katikati ya bati, akaja akisogea nje, polepole, magoti yamekunjwa kidogo. Bati lilikunjamana kama kitambaa kisha likanyooka kwenye kalibu. Nilisikia lile lisemwalo. Mwanzo ni kama nyuki. Mwisho ni kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nilijisikia fahari hata nikashindwa kutabasamu.

Kisha nikatazama presi. Ni kubwa kama choo cha nje, ya rangi ya kijani, na inaendeshwa na Muturi, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka jana. Muturi aliniambia, "Sister, kaa hapo nyuma ya mstari, hii haina breki." Akaweka bati, akabonyeza. Lile dude lilishuka bila haraka, bila kelele, kama mtu anayekaa kitini, likapanda. Chini yake palikuwa na sufuria.

"Mzae, cheki hiyo!" Muturi alimwita Baba. Baba hakugeuka.

Lazima niandike ukweli: niliipenda ile mashine. Nilitaka ishuke tena. Nilitaka kujua kwa nini bati halipasuki, na nguvu yote ile inatoka wapi kama haitoki kwapani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Baba aliuliza nimeonaje, nikasema, "Inafanya kazi." Hakuniuliza tena.

Jumanne, 19 Mei
Jaribio la hesabu. Mvua imeingia chini ya mlango, tumelaza magunia.

Alhamisi, 28 Mei
Habari si nzuri. Phares amekuja na hakunywa chai.

Mwenye kiwanda amesema kuanzia Agosti hakutakuwa na kazi ya kukandia ndani ya kiwanda. Sufuria za kawaida zote zitatoka kwenye presi. Mafundi wa kukandia wachague: ama wamsaidie Muturi kulisha presi mabati, ama watoke, wajitafutie mahali pao, na kiwanda kitakuwa kikiwapa oda ya sufuria zile kubwa za shule na harusi, ambazo haziingii kwenye presi. Oda ikiwapo wafanye, isipokuwapo wakae. Mwisho wa kuchagua ni mwisho wa Julai. Asiyechagua atahesabiwa ameacha kazi.

"Kulisha," Baba alisema. "Kama kuku."

"Kisilu, mshahara ni uleule."

"Na hao wa nje, mtoto akiugua, kiwanda kinamtibu?"

Phares alitazama miguu yake. "Wa nje ni wa nje, omera."

"Sichagui. Nitasubiri sufuria zenu zirudi. Zikirudi, mwenyewe atakuja kuniomba."

Mama aliinuka. Alipoenda kuosha vyombo nilimsikia akiigonga sufuria yetu kwa kidole, mara moja, kisha akaendelea kuosha.

Jumatano, 3 Juni
Kila jioni Phares anapopita na baiskeli yake, Baba huuliza akiwa mlangoni, "Zimerudi?" Na Phares hujibu, "Bado."

Ijumaa, 5 Juni
"Zimerudi?"
"Bado, omera."

Jumanne, 9 Juni
Bado.

Jumamosi, 13 Juni
Mke wa Phares, Mama Phelister, amepewa sufuria ya presi kutoka kiwandani. Aliileta kwetu tuione. Nikaigonga. Ililia vizuri, tena kwa muda mrefu kuliko yetu. Mama Phelister akasema, "Nyathina, mwanangu, hata kengele ya kanisa letu hailii hivi." Mama akamfanyia ishara anyamaze kwa sababu Baba alikuwa chumbani.

Nafikiri Baba alisikia mlio. Mlio wenyewe ulikuwa mrefu.

Jumatatu, 22 Juni
Mvua imekwisha, baridi imeingia. Mwalimu Asenath ametufundisha namna ya kulinganisha vitu viwili. Kila kitu kingine kiwe sawa, na kimoja tu kitofautiane. Tena anayepima asijue kipi ni kipi, kwa maana jicho hupendelea. Nilimuuliza, "Na kama anayepima anapenda kimoja kuliko kingine?" Akasema, "Ndiyo maana asijue, Nthoki."

Alhamisi, 25 Juni
Bado.

Jumapili, 5 Julai
Baada ya kanisa Mama alinituma sokoni nikanunue nyanya. Nilisimama karibu na muuza sufuria kwa muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimepotea. Za presi ziko upande mmoja, za kukandiwa upande mwingine, na za presi ni rahisi kidogo. Nilitazama wanawake wakinunua. Mmoja aligonga, bibi mmoja mzee, akanunua ya presi. Wengine hawakugonga kabisa. Walitazama kama mfuniko unakaa.

Sikumwambia Baba. Lakini nikafikiri, hao hawajapika bado. Ugali ndio utakaosema. Jioni nikamwambia Baba wazi kwamba nataka kufanya jaribio la kweli kwa ajili ya Mwalimu: sufuria mbili, ugali mmoja, naye awe mwamuzi.

Nilidhani atakasirika. Alicheka jinsi ambavyo hajacheka tangu Mei. "Lete hata kumi," alisema. "Ukoko wa sufuria yangu naujua kama ninavyomjua mama yako."

"Heee," Mama akasema jikoni. "Leo nimekuwa ukoko."

Jumapili, 12 Julai
Nitaandika kila kitu kwa utaratibu.

Sufuria ya kwanza ilikuwa ya Baba, mpya, aliyoileta wakati wa Pasaka na ambayo Mama hakuwa ameitumia. Ya pili ni ile ya Mama Phelister, ambayo naye alikuwa ameiweka kabatini. Ukubwa ni mmoja. Ndani zote mbili zimesuguliwa kiwandani mpaka zikang'aa, kwa hiyo ndani hazijulikani. Tofauti iko nje tu, chini. Sufuria iliyokandiwa ina kiduara kidogo katikati ya tako lake, pale bati lilipobanwa kwenye kalibu. Ya presi haina.

Sasa, Mama hapiki kwenye stovu ya mafuta ya taa bila kwanza kupaka sufuria majivu ya jiko yaliyochanganywa na maji, nje yote na chini yote, ili masizi yatoke kwa urahisi wakati wa kuosha. Alifundishwa na nyanya yangu kule Kitui. Mama Phelister humcheka kila siku: "Nyinyi Wakamba mnavalisha sufuria koti." Leo niliona lile koti ni msaada mkubwa. Nilimwomba Mama Phelister azipake zote mbili mwenyewe nyuma ya nyumba, peke yake, mpaka kile kiduara kisionekane, asimwambie mtu, wala mimi.

Mama alipika moja baada ya nyingine, stovu moja, maji kipimo kimoja, unga wa pakiti moja. Alipopakua ugali, ukabaki ukoko katika kila sufuria. Tulikuwa Baba, Mama, Phares, Mama Phelister na mimi. Phares alikuwa amevaa tai yake ya kanisani na Baba akamwambia, "Vizuri umevaa tai. Ni mazishi ya presi."

Baba alionja ugali wa kwanza, kisha wa pili. Akasema, "Ugali ni ugali, hausemi." Akazigonga sufuria, lakini kwa sababu ya majivu na ukoko zote zilitoa mlio mfupi, kama mlango wa mti. Basi akaingiza vidole ndani ya ile ya kushoto, akauvuta ukoko. Ukavunjika vipande vipande. Akaingiza vidole ndani ya ile ya kulia, akazungusha kidogo, akavuta, na ukoko ukatoka mzima, mwembamba, wa hudhurungi, kama bakuli.

Aliuinua juu ili sote tuuone. Uso wake ulikuwa mzuri sana. Naukumbuka wote.

"Hii hapa," alisema. "Hii ni mkono wangu. Bati limelala sawasawa mahali pote, moto umepita sawasawa. Phares, kula ukoko huu umpelekee mwenye kiwanda habari."

Mimi nilifurahi! Niliruka. Kisha nikamtazama Mama Phelister, naye alikuwa anatazama sakafu.

Baba aliona nilichoona. Hakumuuliza kitu. Alienda nje penye beseni, akachukua waya wa kusugulia, akasugua tako la sufuria ya kulia. Majivu yakatoka, bati likang'aa. Hapakuwa na kiduara. Akasugua mahali papana zaidi, labda kiduara kimekaa kando. Akasugua mpaka tako lote likawa jeupe. Halafu akachukua ile ya kushoto. Kwa kusugua kidogo tu, kiduara kikatokea katikati.

Mama Phelister akasema haraka, "Stovu ilikuwa imeshashika moto, Baba Nthoki. Ya pili ilipata moto mzuri. Si haki."

"Hapana, mama," Baba akasema. "Mtoto amepima kila kitu."

Alirudi ndani, akakaa, akaukata ule ukoko kwa mikono, akatugawia wote, na wake akaula mpaka ukaisha. Phares alivua tai, akaiweka mfukoni.

Nilitaka kujua. Nilipotengeneza jaribio nilifikiria maji na unga na moto, na kwa kweli nilitumaini jibu litakuwa upande wetu. Sikufikiria kwamba jibu likishatoka kuna mtu atakayekaa nalo. Usiku huu Baba hanuki sabuni, ananuka majivu.

Jumatatu, 13 Julai
Phares amepita na baiskeli. Baba hakuuliza kitu. Phares akasimama hata hivyo, akasubiri aulizwe, kisha akaenda zake.

Jumatano, 15 Julai
Nilimwambia Mwalimu Asenath yote. Hakunisifu wala hakunihurumia. Alisema kwamba jibu linalotuuma bado ni jibu, tena kwamba mara moja haitoshi; na mtu akishapata jibu la swali moja ana haki ya kuuliza la pili. Nilikaa na maneno hayo kwenye uwanja wa netiboli, kwenye baridi, hadi kengele.

Ijumaa, 17 Julai
Nimeuliza swali la pili. Baba alikuwa anaota moto kwenye jiko. Nikasema, "Baba, kwa nini presi haifanyi zile sufuria kubwa?"

Alichochea makaa kwanza. Kisha akaanza kueleza, kwanza kwa maneno machache, baadaye kwa mikono. Presi ina mdomo wake, na sufuria ya kupikia shule nzima haiingii humo. Ingetakiwa presi nyingine kubwa zaidi. Tena kila umbo la presi linahitaji kalibu ya chuma ya kuagizwa ng'ambo, na hakuna anayeagiza kalibu kama ile kwa ajili ya sufuria chache za mwaka. Lakini kalibu ya mti huchongwa na mjomba Ndeti, ndugu yake Mama, mchonga vinyago, nyumbani kwake, kwa shoka na msasa.

"Kwa hiyo kuna kitu haiwezi," nikasema.

"Kuna kitu haijawekewa," Baba akasema. "Si sawa na kutoweza. Andika vizuri."

Nimeandika vizuri.

Alhamisi, 23 Julai
Baridi kali. Mama na Baba wanazungumza kwa Kikamba kwa sauti ya chini, na mimi najifanya nasoma historia.

Jumamosi, 25 Julai
Baba amechagua. Anatoka. Atafanya kazi nje.

Mama aliuliza yale ambayo mtu angeuliza: oda isipokuja? Mtu akiumia mkono? Kwa nini asilishe presi na mshahara ni uleule?

Baba alisema, "Muturi hahitaji mtu. Nimemtazama. Mwaka mmoja, miwili, wataona mtu mmoja anatosha, na huyo hatakuwa mimi. Nikitoka sasa natoka na mashine yangu ya kukandia. Wanaiuza kama chuma kikuukuu. Nikingoja, nitatoka na kofia."

"Wewe si ulisema zitarudi?"

"Nilisema. Hazirudi, Mama Nthoki. Ni sufuria nzuri."

Lile neno lilimtoka bila uchungu, au uchungu alishaumaliza. Mama alimtazama sana, kisha akasema kama ni hivyo atamwandikia kaka yake achonge kalibu kubwa mapema, maana Ndeti akiahidi wiki hutimiza mwezi.

Zamani, yaani mwezi Mei, nilimwona Baba kama mtu asiyeweza kukosea kuhusu sufuria. Sasa najua amekosea kuhusu sufuria. Sijui kwa nini namwamini zaidi.

Ijumaa, 31 Julai
Siku yake ya mwisho kiwandani. Muturi alimsaidia kupakia mashine kwenye mkokoteni na kuisukuma mpaka barabarani. Baba anasema yule kijana alimuuliza, kwa adabu kabisa, bati husemaje. Baba alimwonyesha.

Jumamosi, 8 Agosti
Shule ilifungwa jana. Nimekuwa wa tatu. Mwalimu Asenath ameandika kwenye kazi yangu: "Rudia mara nyingi zaidi. Usiache."

Leo nimeenda Kayole na Baba. Huko viwanja vipya vinajengwa kila upande, na yeye amekodi kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ambayo haijaezekwa. Mashine imefungwa kwenye zege. Umeme unatoka kwa jirani. Ipo oda moja, ya sufuria za shule ya bweni. Baada ya hiyo hakuna aliyeahidi kitu. Phares ndiye aliyeileta hiyo oda, kwa baiskeli, siku ambayo hakutumwa.

Kalibu ya mjomba Ndeti ilifika kwa basi imefungwa gunia. Ni kubwa, naweza kukaa ndani ya sufuria itakayotoka humo. Bado inanuka mti mbichi kidogo, na chini, mahali pasipoonekana, mjomba amechonga kijidege, kwa sababu mkono wake hauwezi kuacha.

Baba alipaka sabuni. Akawasha. Akaniita, akaniwekea mpini chini ya kwapa langu na yeye nyuma yangu ameushika pia, akasema, "Usisukume. Egemea." Nikaegemea. Mtetemo ulinipanda begani mpaka kwenye meno. Nilisikia nyuki, na baadaye chupa, na katikati sauti moja ambayo sikuijua. Kabla sijauliza, mkono wake ulikuwa umelegeza wangu.

"Hiyo ndiyo kukonda?"

"Hiyo ndiyo."

Alipozima mota tulikaa mlangoni tukala mihogo. Alitazama mikono yake, kisha akanitazama.

"Mwiitu, binti yangu, presi ya sufuria kubwa itakuja lini?"

"Sijui, Baba."

"Lakini itakuja."

Nilifikiria kumjibu la kumfariji, lakini nikakumbuka kwamba alishanifundisha kuandika vizuri. Nikasema, "Nafikiri itakuja."

Alitikisa kichwa polepole kukubali, kama fundi anayekubali kipimo. "Wewe ndiye unayetazama mambo. Ukiiona inakuja, njoo uniambie siku hiyohiyo." Akapangusa makombo ya muhogo, akasimama, akachukua bati jingine. "Na habari hiyo usiipake majivu."